Melaka kwa mtu wa Kusini: lala siku mbili, na hekaluni nenda asubuhi

Mtu wa Lindi au Mtwara akifika Kuala Lumpur kwa masomo, semina au biashara, wenyeji humwambia Melaka, mji wa bandari ya kale wa Malaysia, ni ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Usiwasikilize. Ni kweli umbali haufiki kilomita 150 na basi linachukua kama saa mbili, lakini ukienda kwa hesabu ya siku moja utafika saa ileile ambayo mabasi ya watalii yanamwaga watu, jua likiwa utosini, na utaondoka kabla mji haujapoa. Lala usiku mbili, katikati ya juma ikiwezekana. Na hekalu la Kichina la Cheng Hoon Teng, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, liendee kabla ya saa tatu asubuhi.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Kule saa tatu yetu ya asubuhi inaandikwa 9, kwa hiyo ukikata tiketi ya basi soma namba kwa makini. Wako mbele yetu kwa saa tano: Mtwara ikiwa saa mbili asubuhi, Melaka ni saa saba mchana.

Kwa nini Melaka? Kwa sababu watu wa kwetu walishafika zamani. Tomé Pires, mfamasia Mreno aliyekaa Melaka kati ya 1512 na 1515, aliorodhesha wafanyabiashara wa bandari ile, na humo wamo watu wa Kilwa na wa Malindi, wakitajwa pamoja na watu wa Makka, Aden na Hormuz. Anasema lugha zilizozungumzwa mjini zilifika 84. Watu wa Kilwa hawakukata bahari moja kwa moja hadi kule. Walipanda na kusi mpaka Gujarati, wakaungana na wafanyabiashara wa Cambay, bandari ya huko, wakangoja upepo mwingine wa kuwafikisha Melaka. Majahazi ya China nayo yalishuka na upepo wa kaskazini-mashariki, wakati ambao vyombo vya India vilikuwa vikijiandaa kurudi kwao. Hakuna aliyeweza kuuza na kuondoka wiki hiyohiyo, wote walilazimika kungoja.

Shika neno hilo la kungoja, maana ndilo linaloufungua mji. Mtu anayengoja upepo miezi kadhaa anahitaji mahali pa kulala, ghala, mtu wa kumwamulia kesi, mahali pa kuswali na pa kuzikwa. Sultani wa Melaka aliweka wasimamizi wanne wa bandari, kila mmoja na mataifa yake: mmoja alikuwa wa Wagujarati peke yao kwa wingi wao, mwingine wa Wachina na majirani zao. Wareno walipoiteka mwaka 1511 chini ya Afonso de Albuquerque, miaka sita baada ya Francisco de Almeida kuivamia Kilwa, na Waholanzi walipowatoa Wareno mwaka 1641, desturi ya kila jamii kuwa na mtaa wake na mkubwa wake iliendelea. Hekalu utakaloliona lilizaliwa ndani ya mpango huo. Lilikuwa nyumba ya ibada, na pia ofisi.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Melaka mwaka 2008 pamoja na George Town ya Penang. Tofauti ni kwamba sisi tumebaki na magofu, na wao wanaswali, wanafukiza udi na kuanika nguo ndani ya urithi wenyewe. Kwa hiyo unaingia kwenye nyumba za watu, ukae kama mgeni.

Kutoka Kusini mpaka Melaka

Kosa la kwanza hutokea kabla hujatoka Tanzania: kununua tiketi ya Mtwara–Dar kivyake na ya kimataifa kivyake, halafu kuziunganisha siku moja. Ndege ya ndani ikichelewa au ikifutwa, shirika la ndege kubwa halikujui na tiketi yako inapotea. Lala Dar usiku mmoja. Kwa basi ni kilomita zaidi ya 550, siku nzima barabarani, na ukisafiri Aprili au Mei ongeza siku nyingine ya akiba. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande wa Somanga na wasafiri wakakwama.

Kutoka Dar hakuna haja ya kuhangaika na njia. Unapitia Doha, Dubai au Addis Ababa, kisha Kuala Lumpur. Unachotakiwa kukiangalia ni karatasi. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele yake. Masharti ya viza yathibitishe ubalozi wa Malaysia pale Dar kabla hujalipa tiketi, si baada. Kadi ya njano ya homa ya manjano ibebe hata kama rafiki amekwambia hakuulizwa, hasa ukipitia Addis au Nairobi. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa juzi ya safari amechelewa. Aliyechanjwa zamani hana haja ya kurudia, kwani tangu 2016 cheti kinatambuliwa kwa maisha yote.

Halafu kuna kadi ya kuingilia ya kidijitali, MDAC, ya lazima kwa wageni tangu Januari 2024. Inajazwa kwenye tovuti ya uhamiaji wa Malaysia ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Ukiona tovuti inakuomba dola ujaziwe fomu hiyo, umeingia kwa matapeli au kwa dalali. Ifunge. Chapisha pia tiketi ya kurudi na uthibitisho wa hoteli, usitegemee simu. Kijana anayesafiri peke yake kutoka Afrika huweza kuhojiwa kidogo pale dirishani, na karatasi mkononi hufupisha maneno.

Jambo moja lisilo na mzaha: usibebe mfuko, zawadi wala dawa ya mtu usiyemjua, hata akiwa wa kwenu. Kwa dawa za kulevya sheria ya Malaysia inaweza kufika kunyongwa.

Pesa yao ni ringgit. Shilingi yetu haina mnunuzi kule, beba dola, noti mpya zisizokunjwa wala kuandikwa kalamu, ubadilishe kidogo uwanjani na zilizobaki mjini. Plagi zao ni za miguu mitatu ya bapa kama zetu na umeme ni volti 240, hivyo adapta acha nyumbani. Magari hupita kushoto kama huku.

Kutoka uwanja wa ndege wa KLIA kuna mabasi ya moja kwa moja hadi stendi ya Melaka Sentral. Ukishindwa kuoanisha saa, panda treni ya KLIA Transit ushuke Bandar Tasik Selatan. Hapo pana stendi kubwa, TBS, yenye mabasi ya Melaka mchana kutwa. Stendi ile inaendeshwa kama uwanja wa ndege: tiketi ina namba ya mlango, na mlango unafungwa. Hakuna konda wa kukuitia. Fika dakika 20 kabla.

Melaka Sentral haiko mjini, ni kilomita nne au tano nje. Basi la mjini namba 17 linapita kwenye uwanja wa majengo mekundu, na huko ndiko unakotaka. Linachelewa, na jioni hupungua. Gari la kuita kwa programu ya simu ni rahisi ukiwa wawili au watatu, lakini ununue laini ya simu mapema uwanja wa ndege, kwa pasipoti. Teksi za stendini pataneni bei kabla mzigo haujaingia buti. Hotelini utatozwa kodi ya wageni, ringgit 10 kwa chumba kwa usiku, mara nyingi taslimu na nje ya bei uliyolipa mtandaoni. Hujaibiwa, ni sheria ya nchi nzima.

Chagua chumba ndani ya mitaa ya zamani, upande wa magharibi wa mto, hata kama ni kidogo na ngazi zake ni kali. Hoteli kubwa za upande wa baharini zina bwawa la kuogelea, lakini zimejengwa juu ya bahari iliyofukiwa na kila asubuhi utaanza kwa kutafuta gari.

Mji wenyewe

Mtu wa pwani akifika huuliza kwanza: bahari iko wapi? Imesogezwa. Lango la Porta de Santiago, kipande pekee kilichobaki cha ngome ya Wareno, lilikuwa karibu na maji. Leo mbele yake kuna maduka makubwa na barabara. Ngome yenyewe Waingereza waliibomoa kuanzia 1807. Bandari ilipoteza biashara Penang ilipoanzishwa mwaka 1786 na Singapore mwaka 1819, kama Mikindani ilivyobaki nyuma gati lilipojengwa Mtwara. Kilichobaki ni mto mwembamba, na mashua zake ni za watalii.

Uwanja wa majengo mekundu pita tu. Jumba la Stadthuys ni la Waholanzi, la mwaka 1650 hivi, kanisa la Christ Church lilikamilika 1753, na rangi nyekundu ilipakwa baadaye sana. Kuna baiskeli za magurudumu matatu zilizopambwa midoli na kupigwa muziki wa kupasua masikio. Ukipanda, patana kwa saa, si kwa safari. Kilima cha St. Paul kiko nyuma yake. Kanisa la juu lilianza mwaka 1521, na mwili wa mmisionari Francis Xavier ulihifadhiwa hapo miezi kadhaa mwaka 1553 kabla ya kupelekwa Goa, India. Panda jioni, mchana ngazi zile ni adhabu.

Vuka daraja. Mbele yako ni mtaa wa Jonker, ambao kwenye ramani unaandikwa Jalan Hang Jebat. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili jioni unafungwa kwa magari na kuwa soko la usiku, watu wanasongamana bega kwa bega. Wengine hulipenda. Kwa maoni yangu vinavyouzwa pale vinapatikana soko lolote la usiku la Asia, na bei za vyumba hupanda kwa ajili yake. Ndiyo maana nimesema katikati ya juma, ingawa baadhi ya maduka na mikahawa hufunga siku moja kati ya Jumatatu na Jumatano.

Mtaa unaotakiwa ni ule unaofuata, sambamba na Jonker kwa upande wa kaskazini. Ni barabara moja yenye majina matatu: kuanzia mtoni ni Jalan Tukang Besi, mtaa wa wahunzi wa chuma, kisha Jalan Tukang Emas, wa masonara, mwisho Jalan Tokong, wa hekalu. Kwa mwendo wa dakika kama kumi tangu darajani unapita hekalu la Wahindu la Sri Poyyatha Vinayaga Moorthy la mwaka 1781, msikiti wa Kampung Kling wa mwaka 1748, na Cheng Hoon Teng. Nyumba ni nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma, na katikati kuna uwazi wa kuingizia mwanga na hewa. Baraza za mbele zilikusudiwa wapita njia wajikinge na jua, lakini nyingi zimezibwa kwa pikipiki, vyungu vya maua na bidhaa, kwa hiyo utatembea barabarani. Shika mkono wa mtoto.

Cheng Hoon Teng

Hekalu hufunguliwa alfajiri na hufungwa jioni. Kuingia ni bure. Jua kule huchomoza karibu na saa moja asubuhi, kwa hiyo muda mzuri ni kati ya saa moja na nusu na saa tatu: mwanga unaingia uani kwa ulalo, wazee wa mtaa wanapita kufukiza udi kabla ya kazi, na makundi ya watalii yenye bendera hayajafika.

Anza nje, ng'ambo ya barabara, uangalie paa. Usilitazame kwa jumla, chagua kipande kimoja cha mgongo wa paa. Yale maua, ndege, majoka na watu wadogo si vigae vilivyochongwa wala plasta iliyopakwa rangi. Ni vipande vya mabakuli ya kauri. Fundi huanza na mifupa ya waya na chokaa, kisha anachukua bakuli la rangi anayoitaka, analikata kwa koleo kipande kwa kipande, na kukipachika kabla chokaa haijakauka. Ule mviringo wa bakuli ndio unaompa mkunjo wa ua au gamba la joka. Bapa la sahani lisingefanya kazi hiyo. Kauri haipauki kwa jua, na ndiyo sababu rangi zile bado kali, ingawa hewa ya pale imejaa mvua na chumvi. Kinachoharibika ni chokaa iliyo chini: maji yakipenya, kipande kinaachia na kuanguka chote, na ukarabati unahitaji fundi anayejua kukata upya.

Aliyefika Kilwa au Songo Mnara ataelewa haraka. Kule nako mabakuli ya kauri yalipachikwa kwenye dari za majengo, mazima, yakitazama chini, na mengi yamebanduliwa hata yamebaki mashimo ya duara. Bidhaa moja, bahari moja. Mwashi wa Kilwa aliliacha bakuli zima lionekane kwa thamani yake, kwani lilitoka mbali. Wa Melaka, aliye karibu na tanuru, alilivunja na kuligeuza kitu kingine.

Sasa mlango. Mahekalu ya Kichina kwa kawaida yana milango mitatu, na wa kati huachiwa miungu. Unaingia kwa wa kulia ukiwa unalitazama hekalu, unatokea kushoto. Kizingiti cha chini kimeinuliwa, kivuke, usikikanyage. Wageni wengi hukosea hapo, na mkosaji hakemewi, anaangaliwa tu. Viatu kwa kawaida havivuliwi katika mahekalu ya Kichina, tofauti na ya Kithai au ya Kiburma. Kofia vua, magoti na mabega yafunikwe. Kwa akina mama kanga moja mkobani inatosha kwa hekalu na msikiti.

Ndani, jumba kuu lina altare ya kati ya Guanyin. Huyu ni Avalokiteshvara wa Wabudha, mwenye huruma, ambaye China ilimpa sura ya mwanamke. Si Buddha mwenyewe. Katika mafundisho yao ni aliyekaribia kukamilika akaahirisha ili awasaidie wengine. Pamoja naye yuko Mazu, mlinzi wa mabaharia, na huyu ndiye angepaswa kumvutia mvuvi wa Msanga Mkuu: manahodha waliovuka bahari ya China kusini walikuja kwake kushukuru wakifika salama. Yuko pia Guan Di, jemadari aliyegeuzwa mlinzi wa haki na wa mikataba, na wafanyabiashara wanampenda kwa sababu hiyo. Humu mafundisho matatu yanakaa pamoja: Ubudha, Utao na ya Confucius. Anayelitaka hekalu la Kibudha tupu avuke barabara. Xiang Lin Si liko mkabala. Huko angalia mlangoni, ukiona viatu vimepangwa, vua vyako.

Nyuma ya jumba kuu kuna vibao vya majina ya waliotangulia. Hapo ndipo ile habari ya ofisi inaporudi. Waholanzi walimteua Mchina mmoja kuwa mkubwa wa Wachina, akiitwa Kapitan, kazi isiyo mbali na ya liwali wa kwetu: alisimamia desturi, alisuluhisha ugomvi, aliwajibika kwa watawala juu ya watu wake. Baraza lake lilikuwa hekalu hili. Mwanzo wake unahusishwa na Kapitan Tay Kie Ki katika miaka ya 1640. Kapitan Li Wei King alilijenga zaidi mwaka 1673 kwa vifaa vilivyoletwa kutoka China, na Kapitan Chan Ki Lock alisimamisha jumba kuu mwaka 1704. Waingereza walipochukua mji kwa mkataba wa 1824 wakafuta cheo hicho, uongozi wa jamii ukabaki kwa mkuu wa hekalu. Ukijua hayo, hutashangaa kuona uwanja wa hekalu ni mpana na kwamba ng'ambo kuna jukwaa la maigizo la hekalu hilohilo. Watu walikuja kusali, kushitakiana na kutazama ngoma zao, pote mahali pamoja.

Inua macho kwenye mbao kabla hujatoka. Boriti zimeshikana kwa ulimi na tundu, bila misumari, na mikono midogo ya mbao iliyopangana ngazi kwa ngazi inaupeleka uzito wa paa kwenye nguzo. Paa la vigae na kauri ni zito mno. Msumari ungeshika kutu katika unyevu ule na kupasua mbao, ulimi unaweza kucheza kidogo bila kuvunjika.

Udi unawashwa kwenye taa ya mafuta, mara nyingi vijiti vitatu, na mwali hauzimwi kwa kupuliza mdomo. Unapungwa kwa mkono. Kisha vijiti vinachomekwa kwenye chetezo kikubwa chenye majivu. Utazame, usipite kati ya anayesali na altare, na kama unapiga picha zima mwanga wa kamera. Usimpigie mtu picha usoni akiwa amefumba macho. Usiigeuzie sanamu mgongo ili ujipige picha nayo. Mwislamu anayejiuliza kama aingie, hilo ni la kumuuliza shehe wake. Kwa upande wa wenyeji, hakuna atakayemtaka mgeni ashike udi, ainame au atie kitu kwenye sanduku. Akija mtu na vijiti mkononi akidai ni lazima ununue, sema hapana kwa upole na uendelee.

Mwenye pumu akwepe siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi wa Kichina, na sikukuu za Guanyin, ambazo ni tarehe 19 ya mwezi wa pili, wa sita na wa tisa kwa kalenda hiyo. Moshi unajaa hadi barabarani. Mwenye mapafu mazima anayetaka kuona ibada ikiwa imechemka, achague siku hizohizo, asimame pembeni ya uani, si jumbani.

Tenga saa moja nzima. Wanaotumia dakika kumi wameliona paa tu.

Msikiti, na chakula

Rudi nyuma hatua chache kwenye msikiti wa Kampung Kling. Hauna kuba. Paa lake ni la ngazi tatu kama piramidi, mnara wake unafanana na mnara wa Kichina, na ndani kuna nguzo za mtindo wa Ulaya. Wameli, yaani Waislamu wenyeji wa nchi ile, ni Mashafii, kwa hiyo alfajiri wanasoma kunuti kama msikiti wowote wa Lindi. Saa za sala zitakuchanganya siku ya kwanza: adhuhuri huingia kama saa saba na robo mchana, magharibi kama saa moja na robo usiku. Asiye Mwislamu aingie nje ya saa za sala, aulize kwanza mlangoni.

Kwenye kula, usidhani kila kitu ni halali kwa kuwa nchi ni ya Kiislamu. Mitaa hii ni ya Wachina na nguruwe hupikwa waziwazi. Wali wa kuku unaofinyangwa vidonge, chakula maarufu cha Jonker, huuzwa na migahawa mingi isiyo na cheti. Tafuta nembo rasmi ya halal, au nenda kwa Wameli ukale asam pedas: samaki kwenye mchuzi mwekundu wa ukwaju na pilipili, kwa wali. Anayejua mchuzi wa ukwaju wa kwetu hatapotea, ila pilipili waipunguze. Migahawa ya Kinyonya, ya vizazi vya Wachina waliochanganyika na Wameli, mingine ni halali na mingine sivyo. Uliza kila mara. Cendol haina shida: barafu iliyosagwa, tui la nazi, sukari nyeusi ya mnazi au mtende iliyoyeyushwa, na nyuzi za kijani za unga wa mchele. Tui linachacha upesi kwa joto lile, kwa hiyo kula panapouzika sana, si pale bakuli limekaa tangu asubuhi. Durian usiingize hotelini, utatozwa faini.

Ukibaki na nusu siku, Bukit Cina ni kilima cha makaburi ya Kichina, zaidi ya 12,000, na kwenye miteremko yake wenyeji hukimbia mazoezi jioni. Au kaa tu kando ya mto. Mchana wa pili usiupangie mambo. Mvua ya alasiri hushuka ghafla na kwa fujo, na mitaa ya zamani hutuama maji. Viatu vya wazi vinavyokauka vinafaa kuliko raba.

Kurudi, tiketi ya basi ya Jumapili jioni nunua siku mbili kabla. Nusu ya Kuala Lumpur inarudi nyumbani saa hizo na barabara kuu inaziba. Kama ndege ni ya usiku, toka Melaka angalau saa sita kabla ya kuruka, saba kama ni Jumapili. Mbu wa kule huuma mchana na huleta dengi, jipake dawa hata asubuhi hekaluni. Ukipata homa ndani ya wiki mbili baada ya kurudi, mwambie daktari ulikotoka, maana akikupima malaria tu akakosa, huenda akakurudisha nyumbani na dawa za maumivu zisizofaa. Mwenye dengi hapewi aspirini wala diklofenaki, kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu. Hupewa parasetamo, maji mengi na kipimo cha damu cha kurudia.